Piza ya Muhogo

Katika kijiji kile cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Chanika, kila mtu mzima aliitwa kwa jina la mwanawe: Baba Fulani, Mama Fulani. Matayo Habakuki aliitwa Matayo. Waliotaka kumpa heshima walimwita Mpishi, ingawa hapakuwa na mtu pale aliyewahi kuonja chakula chake. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, hana mke, hana mtoto, wala ndugu katika wilaya nzima ya Handeni, na mwembamba hata shati lilimkaa kama limeanikwa.

Watu walisema anaringa. Sababu yao ilikuwa moja: Matayo hali kwa watu. Mwalike harusini, atakuja. Atachota maji, atapasua kuni, atakaa na wazee akiitikia mazungumzo, lakini sinia la chapati likitokeza tu, atakumbuka kwamba ameacha moto nyumbani. Mwaka wa kwanza moto huo uliaminiwa. Mwaka wa pili Hiza, mwenyekiti wa kijiji, akamwambia mbele ya watu, "Mgosi, bwana wangu, huo moto wako utakuja kutuunguzia kijiji siku moja." Watu wakacheka. Matayo naye akacheka, akaenda zake kwake, akachemsha muhogo, akaula peke yake huku vicheko vya harusi vikimfikia dirishani.

Laiti wangejua. Harufu ya chapati ilimtoa udenda Matayo kama inavyomtoa mtu mwingine yeyote. Ila ngano, hata kipande cha ukubwa wa kidole, ilimlaza kitandani. Tumbo lilimvimba, likamsokota, likamwendesha siku tatu nne, akainuka amebaki macho. Ugali alikula, wali alikula, muhogo ndio usiseme. Ni ngano tu. Na nani angeamini? Ngano ilikuwa chakula cha sikukuu, chakula cha kumpa mgeni. Mtu akikikataa chakula hicho, watu hawasemi anaumwa tumbo. Wanasema anauogopa mkono uliokipika.

Somo hilo alilipata mapema. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge karibu na Mazinde, ambako baba yake aliletwa kutoka Unyamwezi, akaukata mkonge mpaka nguvu zikamwisha na akazikwa hukohuko. Kambini watu walikula ugali na maharage, na Matayo alikua vizuri tu. Taabu ilianza alipoingizwa jikoni kwa meneja wa shamba, akaanza kula masalio ya mikate. Akakonda, akapauka. Mganga mmoja akamwambia amerogwa na mpishi mwenzake. Akachanjwa, akafukizwa, akarudi jikoni mzima, akala mkate, akaugua tena. Mwisho aliiacha mikate kwa akili yake mwenyewe, pasipo kujua kwa nini.

Kisha akachumbia Mombo. Binti aliitwa Justa, na mama yake alikuwa na kibanda cha chai pale mabasi yanaposimama, watu wakishuka kutafuta kitu cha kutia tumboni kabla ya kupanda kwenda Lushoto. Siku Matayo alipokwenda kujitambulisha, mama akamwekea chapati tatu alizozikanda kwa samli. Matayo akazitazama. Akasema ameshiba. Mama hakubishana, aliinua sahani akairudisha ndani. Jibu la posa lilikuja kwa mdomo wa mshenga: mtu anayeuogopa mkono wangu leo, kesho atasema mwanangu mchawi. Mambo yakaishia hapo. Justa akaolewa Korogwe, na Matayo hakuchumbia tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwelewa, na huyo hakuwa hata wa nchi hii. Miaka miwili kabla ya Uhuru alikuja meneja mpya, Mtaliano, pamoja na mkewe ambaye wote walimwita Sinyora. Sinyora hakugusa mkate. Matayo alikuwa amekwisha kuwa mpishi mkuu, na kila asubuhi sahani ya mkate iliyokwenda mezani kwa watu wawili ilirudi imeliwa na mmoja. Siku moja Sinyora akaingia jikoni akamkuta Matayo ameinama kashika tumbo, kwa kuwa alikuwa ameonja mchuzi uliotiwa unga wa ngano kuuzidishia uzito. Sinyora akaenda kwenye pipa la unga, akaligonga kwa kidole.

"Huyu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Huyu adui. Mimi, wewe, adui mmoja."

Akamweleza, nusu kwa maneno na nusu kwa mikono, kwamba kwao daktari alimwambia ndani ya ngano mna kitu, kile kile kinachoufanya unga uvutike ukiukanda, na kuna watu ambao matumbo yao hayapatani nacho tangu kuzaliwa. Si uchawi, wala maradhi ya kuambukiza, wala laana ya mtu. Matayo alikuwa na miaka thelathini na moja. Alitoka akaenda nyuma ya jiko, akalia kwa furaha, maana si jambo dogo mtu kuambiwa kwamba hakuna anayemchukia.

Sinyora alikuwa na hamu ya kitu kimoja cha kwao kiitwacho piza, mkate mpana kama sahani, wenye nyanya na jibini juu yake. Wakajaribu kuutengeneza kwa unga wa mchele, ukavunjikavunjika. Wakajaribu mahindi, ukawa ugali uliokauka. Ni Matayo aliyesema, "Muhogo, Sinyora." Akatwanga makopa, yaani muhogo uliokaushwa juani, akauchekecha unga mara tatu. Sehemu moja ya unga akaipika kwa maji moto mpaka ikawa kama gundi, kwa sababu muhogo hauna mnato wa ngano na lazima utafutiwe wa kwake. Akachanganya na unga uliobaki, na hamira, yai na chumvi. Jani alilolitaka Sinyora halikupatikana Mazinde, Matayo akamletea kivumbasi, haya majani ya kufukuzia mbu. Sinyora akayafikicha, akayanusa, machozi yakamlengalenga. Jibini walikamua wenyewe kwa maziwa ya Wamasai na ndimu, wakaifunga kwa kitambaa, wakaikandamiza kwa jiwe.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi palikuwa na piza. Sinyora aliila sebuleni, Matayo aliila jikoni kasimama, mlango ukiwa katikati yao. Hawakukaa meza moja hata siku moja, wala haikuwapitia akilini. Lakini kwa Matayo huko ndiko kula na mtu alikokujua. Siku ya Uhuru wafanyakazi walipelekwa Korogwe kwa lori, kila mmoja akapewa soda na skonzi. Matayo alishinda na skonzi yake mkononi, nchi ikizaliwa, asijue pa kuitia, na moyoni alitamani iwe Jumamosi.

Baada ya Azimio la Arusha mashamba ya mkonge yakaingia mikononi mwa umma, na meneja na mkewe wakafunga mizigo. Sinyora alimwachia trei nyeusi ya chuma waliyookea piza. Alisema ataandika barua, hakuandika. Jiko la nyumba kubwa likafungwa, na Matayo, aliyekuwa na trei ila hana kabila la kurudia, akasikia kwamba Handeni vijiji vya ujamaa vinapokea mtu yeyote mwenye mikono miwili. Akahamia huko, akapewa kiwanja. Akajijengea nyumba ya udongo, na nyuma yake tanuri dogo la udongo wa kichuguu.

Nyumba iliyopakana na yake ilikuwa ya Mwanaidi, mjane wa Kizigua, ambaye watu walimwita Mama Mbaruku kwa jina la mwanawe aliyekuwa fundi cherehani Chanika. Mwanaidi alikuwa amezika waume wawili. Hilo peke yake, vijijini, ni mzigo. Watu husalimiana nawe vizuri na kukuhesabia makaburi. Pengine ndiyo maana Idd ya kwanza alimpelekea jirani mpya sahani ya chapati iliyofunikwa kwa kawa, kabla hajampelekea mtu mwingine.

"Kaka Matayo, sikukuu hii. Mkristo naye ana tumbo."

Matayo akaipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu, "Mama Mbaruku, mimi na ngano hatupatani," na hadithi hii isingekuwapo. Lakini aliikumbuka sahani ya Mombo ikirudishwa ndani. Akashukuru, akaingia, akawakatia kuku wake chapati zote vipandevipande. Kesho yake akairudisha sahani ikiwa na mayai sita, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

"Zilikuwa tamu mno," akasema.

Mwanaidi akafurahi hata akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. Basi, neno limekwishatoka. Idd ya pili chapati zikaongezeka, Idd ya tatu zikaja na sambusa. Kuku wa Matayo wakanona wakawa gumzo. Na kati ya Idd na Idd sahani ilikwenda na kurudi: mbaazi, nyanya, boga, kisamvu. Hivyo Matayo alivila vyote, tena kwa shukrani. Jioni Mwanaidi akipita njiani na kuni zake alisimama penye ua wakazungumza habari za mvua na za nguruwe waliovamia shamba la kijiji. Hazikuwa hadithi za maana, lakini siku ambayo Mwanaidi hakusimama, Matayo hakuwa amezungumza na mtu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Idd ya mwaka wa sabini na tatu Mwanaidi hakuleta sahani. Alikuja mwenyewe akamwita kwake, kwa kuwa mwanawe Mbaruku amekuja, na Hiza mwenyekiti yupo, na wifi yake Zamda yupo. Matayo akaketishwa mkekani katikati ya watu. Chapati zikaja. Akaanza kusema habari ya moto alioacha nyumbani, Zamda akamkata kauli.

"Kila siku moto! Au wewe Mpishi unauogopa mkono wa wifi yangu?"

Akasema kwa mzaha, lakini hofu ikatanda mkekani. Mwanaidi alikuwa kasimama na birika la chai, anamtazama. Matayo akauona uso ule, akachukua chapati, akaila. Akala na ya pili. Akasema tamu, na ajabu ni kwamba zilikuwa tamu kweli, laini, zina iliki kwa mbali, na yeye kwa miaka mitatu amekuwa akiwapa kuku.

Kabla jua halijazama alikuwa chini. Safari hii ilimkamata kuliko zote, siku nne hajui asubuhi wala jioni. Zamda alikuja kumwona, akamuuliza, "Ulikula wapi?" Matayo, midomo imekauka, akajibu, "Kwa Mama Mbaruku. Chapati." Alitaka kuendelea, pumzi ikamwishia, akageukia ukutani. Zamda hakungoja iliyobaki.

Alipoinuka siku ya tano akakuta kijiji kimebadilika. Watoto walikuwa wakizunguka mbali kuikwepa nyumba ya Mwanaidi. Kisimani wanawake walimwachia nafasi aliyokuwa haitaki. Waume wawili, na sasa jirani aliyekula chapati zake hadharani! Wazee walikuwa wamekwisha kaa, wakasema Ijumaa ijayo baada ya sala ahame, aende kwa mwanawe Chanika, aache nyumba aliyoikandika kwa mikono yake na shamba la muhogo alilolifyeka mwenyewe.

Matayo akaenda moja kwa moja kwa Hiza, akijishika kuta.

"Mwenyekiti, Mama Mbaruku hana kosa. Mimi ngano hunidhuru. Tangu ujana."

Hiza akamtazama kwa huruma. "Mgosi, unamtetea kwa sababu unamwogopa. Mkate umdhuru mtu? Wazungu wanaula asubuhi na jioni, mbona wamenenepa?"

Hakuna aliyemwamini, na mwenye makosa alikuwa yeye. Kwa miaka mitatu alisifu chapati zile penye ua kwa sauti, majirani wakisikia. Alilala akilipima jambo hilo, na pande zote zilikuwa chungu. Ili watu waamini kwamba ngano inamdhuru, lazima Mwanaidi naye ajue kwamba kabla ya Idd hii hakuwahi kula chapati yake hata moja. Akinyamaza, mwanamke ataondoka akiwa na jina la mchawi. Akisema, atabaki, lakini atabaki akijua. Asubuhi akaenda tena kwa Hiza.

"Mwiteni aje apike kwangu, kwa mkono wake, mimi nile mbele yenu. Chakula chenye sura ya mkate kisicho na ngano. Kisha siku tatu nilale barazani kwako, mwenyekiti, mnichunge kama mbuzi."

Hiza akakubali. Mwanaidi akaitwa, akaja, macho yamemvimba, hakumsalimu Matayo. Kijiji kikasimama uani. Matayo alimwelekeza bila kugusa kitu hata kimoja, mikono kaiweka mgongoni ili pasiwe na maneno. Mwanaidi akatwanga makopa, akachekecha.

"Tena," Matayo akasema.

Akachekecha.

"Tena, Mama Mbaruku. Mara ya kwanza unatoa nyuzi, ya pili chenga. Ya tatu ndiyo unapata unga."

Mwanaidi akapika ile gundi, akakanda, akatandaza kwenye trei ya Sinyora kwa mkono uliolowa maji. Ikaingia tanurini tupu, ikatoka imeshika, ikapakwa nyanya zilizopikwa zikakauka, vitunguu, kivumbasi na jibini, ikarudi. Harufu ilipotoka hata waliokuja kushuhudia uchawi walisogea karibu. "Mkate uliovaa mchuzi," Zamda akanong'ona. Mwanaidi alikuwa kachuchumaa mbele ya tanuri, uso unameremeta kwa joto, na kwa kitambo kidogo Matayo aliyasahau mambo ya uchawi. Tangu Mazinde hakuwa amepika ubavuni pa mtu.

Akala nusu nzima, mbele ya watu. Siku tatu akalala barazani kwa Hiza. Hakuna kilichomsibu, akala na ugali wa mke wa Hiza akaongezwa. Lakini Zamda hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Labda wifi safari hii ameuzuia mkono wake kwa kuwa tunamtazama," akasema.

"Basi, Dada Zamda," Matayo akamwambia, "nipikie wewe chapati. Nikiugua, tutajua ni ngano."

Zamda akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Matayo akamgeukia mke wa Hiza, naye akasema hana mafuta. Hakuna mwanamke aliyetaka kupika chapati itakayomlaza mtu. Wote walikuwa hawaamini kwamba ngano inadhuru, na wote wakawa wanaogopa. Matayo akaenda duka la kijiji akapima unga mwenyewe, akakanda, akasukuma, akachoma chapati mbili pale pale uani. Akazila zikiwa moto. Jioni ile tumbo likamwangusha barazani, Hiza mwenyewe akimshika kichwa.

"Jamani," Hiza akawaambia wazee, "mtu hajirogi mwenyewe."

Ijumaa ilipita na hakuna aliyehama. Siku ya pili ya ugonjwa Mwanaidi akaja na uji wa muhogo. Akamnywesha kidogokidogo, akaweka kikombe chini, akaketi kizingitini akitazama nje.

"Kaka Matayo, nimefikiri. Idd ya kwanza nilikuletea chapati sita. Ya pili nane. Ya tatu nilikopa mafuta. Zote ulisema tamu. Zilikwenda wapi?"

Angeweza kusema aliwapa watoto. Hapo kijijini watoto hawakosi.

"Kwa kuku," akasema.

Mwanaidi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa msiba ambao alishausikia. "Mimi nilikuwa nakaa kule jikoni nikisema, angalau yupo mmoja asiyeniogopa." Akainuka, akachukua kikombe chake. Hakupaza sauti wala hakutukana, na Matayo angeshukuru kama angetukana.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Mvua za vuli zilikuwa haba, za masika hazikuja. Mahindi yakanyaukia shambani, dukani unga wa ngano ukawa hadithi, watu wakapangwa foleni ya mahindi ya njano ya msaada. Kideri kikapita kikaua kuku wote wa Matayo, hata mmoja hakubaki. Kijiji sasa kilimpenda. Watu walimwita harusini na kumwekea ugali wake pembeni, Zamda akiwa wa kwanza kutangaza, "Mpishi hali ngano, jamani, mpeni wali!" Na Mwanaidi akipita na kuni zake alisema, "Habari za kutwa, Kaka Matayo," akiwa anatembea. Hakusimama penye ua. Matayo alijibu, "Njema, Mama Mbaruku," akabaki na ile jioni yote. Alizunguka nyumba, akaipangusa trei isiyo na vumbi. Wakati mwingine alijikuta anasema habari za mvua kwa sauti, na hakuna aliyemjibu.

Idd ikafika. Safari hii sahani zilikuwa chache, tena nyingi zilikuwa na uji. Matayo alikaa ndani, hakutaka kuonekana akingoja. Adhuhuri akasikia hodi. Alipofungua hakukuta mtu, ila kizingitini palikuwa na sahani ileile, na kawa lileile juu yake. Akainama akafunua.

Ulikuwa unga mkavu wa muhogo, umejaa sahani. Mwaka ule, unga kiasi kile watu walikuwa wakiuficha chini ya kitanda. Haukuwa chakula, mkono wa Mwanaidi haukumpikia kitu. Matayo akautia kidole, akausugua. Hapakuwa na nyuzi wala chenga. Ulikuwa umechekechwa mara tatu.

Akawasha tanuri. Yai hakuwa nalo, wala jibini, wala hamira. Alikuwa na chumvi, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizosinyaa, na kivumbasi, maana kivumbasi hakijali njaa. Piza ikatoka nyembamba, imepasuka upande mmoja. Akaikata mara mbili, nusu akaiacha kwenye trei, nusu akaiweka kwenye sahani, akafunika kwa kawa, akaenda nayo mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mwanaidi.

"Hodi. Nimerudisha sahani, Mama Mbaruku."

Mwanaidi akatoka, akaipokea kwa mikono miwili, akafunua, akatazama. Matayo alikwisha kugeuka kwenda zake.

"Unakwenda wapi?" Mwanaidi akamwita. "Kaa hapo kigodani. Nataka nile ukiniona. Mimi kwangu sifugi kuku."